Rangi za Lise

Phébé alikunja mikono ya blauzi yake, akausukuma mlango wa ateliye, karakana ya shemeji yake, kwa kiuno, kisha akasimama pale pale na ndoo yake ya sabuni.

"Eh, Bwana! Hapa njo Matthias anatumikaka? Hii ni ateliye ao ni shimo ya takataka?"

Msimlaumu haraka. Huyu Phébé alikuwa ametoka Luena kwa treni, siku mbili njiani, kwa sababu ya mdogo wake Lise aliyezikwa Kamina siku thelathini na sita zilizopita. Mume wake ni mtu wa reli, watoto wake wanne wote wavulana, na nyumba yake ukiingia unaona haya kukanyaga sakafu. Tena kazi aliyoijia haikuwa ya udaku. Kwao, kabla ya siku ya arobaini, wanawake wa upande wa marehemu huja kuondoa kifo ndani ya nyumba. Wanafua mablanketi, wanasugua masufuria, wanaosha kila kitu ambacho mkono wa marehemu ulikizoea. Na mtaa mzima ulijua kwamba mkono wa Lise haukuzoea kitu kuliko ile rafu ya rangi ya mume wake, Matthias.

Rafu yenyewe ilikuwa mbao nne juu ya matofali. Matthias alikuwa mwandishi wa vibao: maduka, misalaba, vitambaa vya sherehe vya kanisa, fulana za kilio. Rangi nyekundu ilikaa ndani ya kopo la tomato, nyeupe ndani ya kopo la maziwa ya unga, nyeusi ndani ya kopo la kahawa lililobonyea ubavuni. Wino wa kuchapa fulana ulikaa kwenye vichupa vya dawa, kila shingo na uzi wake, nyingine fundo moja, nyingine mafundo matatu. Na ubao wa juu ulikuwa na bombe tano, yale makopo ya rangi ya kupuliza, ambayo vifuniko vyake vilipotea zamani. Kila bombe ilivalishwa vipete vya mpira vilivyokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli: moja kipete kimoja, nyingine viwili, vitatu, vinne, vitano. Juu ya hayo yote, vumbi na matone ya miaka.

Phébé alifanya kazi hiyo asubuhi nzima, na kwa moyo. Alimimina kila rangi kwenye machupa ya mayonezi aliyoyakusanya kwenye kilio, yote ya saizi moja, akayapanga mstari kama wanafunzi mbele ya bendera. Makopo akayatupa. Nyuzi za vichupa akazikata, maana zilinuka. Bombe akazifuta kwa petroli mpaka zikang'aa, akavua vile vipete vya mpira kimoja kimoja, kumi na tano kwa jumla, akavitia mfukoni mwa kitenge. Mchana alimkalisha Glodie, mtoto wa marehemu, msichana wa miaka kumi na mbili, katikati ya magoti yake amsuke nywele za kumaliza kilio. Kila msuko alipoumaliza aliufunga kwa kipete kimoja.

"Mama mukubwa, ile ni ya papa," Glodie alisema.

"Mupira ya baiskeli? Papa atakata ingine. Inamisha kichwa."

"Lakini ile njo—"

"Njo nini?"

Glodie akainamisha kichwa.

Baadaye Phébé akaita kwa sauti ya mtu anayengoja asifiwe. "Shemeki! Kuya uone!"

Matthias alitoka chini ya paa la jikoni, akavuka uwanja kwa hatua zake kumi na moja, akasimama mlangoni mwa ateliye. Alisikia harufu ya petroli na sabuni. Akanyoosha mkono pale lilipokaa kopo la kahawa, akagusa chupa. Akausogeza kushoto, chupa. Akausogeza tena, chupa. Akapandisha mkono kwenye ubao wa juu, akashika bombe ya kwanza. Ilikuwa uchi, laini kama yai. Na ya pili vivyo hivyo.

"Ni muzuri sana, shemeki," akasema. "Aksanti. Ulijichokesha."

"Sasa utaona kila kitu," akasema Phébé.

Maskini Matthias hakuwa akiona kitu. Ilikuwa mwaka wa pili sasa. Ukungu ulianzia pembeni, ukaja katikati, na kilichobaki kilikuwa weupe wa mlango mchana na giza usiku. Lise peke yake ndiye aliyejua, au ndivyo Matthias alivyoamini. Lise alipokea wateja, akasoma maneno yao kwa sauti, akapanga rangi kwa namna ambayo vidole vingeweza kuisoma. Herufi zilikuwa poshwari, violezo vyenye matundu alivyovikata Matthias mwenyewe siku za macho yake kwenye filamu kuukuu za radiografi, zile picha za mifupa za hospitali. Alizipanga kwa kupapasa, akanyoosha kamba, akapuliza. Jumapili Lise alimshika mkono kwenda kanisani, na akina mama wa Kipendano, chama cha wanawake wa kanisa, waliwatania kama wachumba: "Tazameni bafianse! Miaka kumi na ine na bado banashikana mukono!" Walicheka, nao wawili wakacheka pia.

* * *

Mtu aliyepaswa kuogopwa hakuwa Phébé. Alikuwa Mama Kyabu, mama wa Phébé na marehemu, mama mkwe wa Matthias, aliyekuja kutoka Kabondo-Dianda juu ya lori la samaki na kukaa kwenye mkeka wake kando ya ukuta tangu siku ya mazishi. Alisema maneno machache, na kila aliposema watu walinyamaza. Ni yeye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya Glodie.

Phébé alimtaka mtoto. Hakuficha. "Mama, niache niende naye Luena. Minyi sina mutoto mwanamuke. Na huyu mwanaume peke yake atamulea namna gani? Nani atamufundisha kupika? Nani atamulinda?"

Mama Kyabu alitafuna kipande chake cha muhogo kwanza. "Matthias iko muntu ya heshima."

"Heshima haipikake bukari, mama."

"Phébé, nyamaza. Weye bwana yako ananiangaliaka mu macho sawa anaangalia muuza-nyanya. Huyu, miaka kumi na ine, hayanyanyua macho mbele yangu ata siku moja. Njo vile wazee wetu walikuwa wanafanya. Mukwe haangalie mama-mukwe mu uso. Siku hizi nani anafuata ile? Huyu tu."

Ni kweli, kati ya Waluba wa vijijini mkwe mwenye adabu hupinda njia akimwona mama wa mke wake, na asipoweza kupinda hukaa ubavu na macho chini. Matthias, mtoto wa mjini, wa shule ya Wamethodisti, alikuwa akiifuata desturi hiyo tangu posa. Miaka miwili ya mwisho aliifuata zaidi, na alishukuru kuwa ipo.

"Ni hivi," akaendelea Mama Kyabu. "Alisema ataandika musalaba ya mwanangu yeye mwenyewe. Siku ya arobaini tutausimamisha. Nitaona mukono yake. Kama mukono iko inatumika, nyumba iko, mutoto anabaki na baba yake. Kama mukono ilikufa na bibi yake, Glodie anaenda Luena. Minyi nilimaliza."

Matthias aliyasikia hayo yote akiwa nyuma ya ukuta wa jikoni. Walikuwa wakisema kwa sauti ya kawaida, nani angekosa kusikia? Alikaa na sahani ya bukari, ugali wa kwao, magotini, Glodie pembeni yake akimtolea miiba ya samaki bila kuulizwa. Tangu mama yake afariki alikuwa akifanya hivyo, na Matthias alidhani ni mapenzi tu ya mtoto aliyefiwa.

Siku ya thelathini na nane, fundi Stanislas alileta msalaba. Mbao nzuri ya mninga, imepigwa randa na kupakwa rangi nyeupe mara mbili, kama kanisa linavyopenda. Alipoingia uwanjani aliubeba mbele yake kwa mikono miwili. Matthias alisikia hatua na salamu, akasimama na kunyoosha mkono kupokea pole, na mkono wake ukashika mkono wa msalaba, ukautikisa.

Wanawake waliokuwa wakipeta mahindi waliangua kicheko kabla hawajajizuia.

"Anasalimia musalaba!" mmoja akasema.

"Nyamazeni nyinyi," Phébé akawakaripia. "Ni huzuni inamuzungusha."

Matthias naye alicheka kidogo, maana alifanyaje? Aliuchukua msalaba mikononi mwa Stanislas, akaupeleka ateliye kwa hatua zake kumi na moja, akafunga mlango.

* * *

Aliulaza juu ya benchi. Alipapasa ubao wote mpaka kila ukingo ukaingia kichwani. Alipanga poshwari, L, I, S, E, kisha nafasi, kisha KABEDI, na chini yake LALA SALAMA. Alinyoosha kamba. Alibandika karatasi za gazeti pembeni rangi isiruke. Kazi hiyo vidole vilikuwa vinaijua bila msaada wa mtu. Halafu akageuka kwenye rafu.

Bombe tano. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, buluu na ya dhahabu. Alizitoa zote, akazipanga mezani. Akazinusa: zote zilinuka petroli ya Phébé. Akazitikisa, na kile kigololi cha ndani kikalia sawasawa katika zote. Basi akaanza kuzipima mkononi. Alikumbuka vizuri. Nyeusi ndiyo waliyoitumia sana, Lise mwenyewe alimwambia wiki ile kabla homa haijamlaza: "Nyeusi inabakia kidogo, ya kazi moja ao mbili. Nyeupe iko karibu muzima." Kwa hiyo nyepesi kupita zote ndiyo nyeusi. Alizipima mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mbili zilikuwa nyepesi, na kati ya hizo mbili moja ilikuwa nyepesi zaidi, kidogo sana.

Mbili? Hilo lilimsumbua. Hakujua kwamba Yav, mume wa Phébé, aliyefika juzi kwa treni ya pili, alikuwa ameingia ateliye akachukua nyeupe kupulizia nyaya za mashada na mawe ya kuzungushia kaburi. Aliipuliza siku nzima, mtu mkarimu, akairudisha mahali pake. Hakumwambia Matthias kwa sababu aliona si jambo. Vitu vya shemeji ni vitu vya nyumbani.

Kuuliza si ujinga, watu husema. Mwambie hivyo mtu ambaye swali moja linaweza kumnyang'anya mtoto. Amuulize Phébé? Angepiga kelele mpaka stesheni. Amuulize Stanislas? Fundi yule ana mdomo. Alibaki mmoja tu. Matthias alifungua mlango kidogo.

"Glodie!"

Alikuja mbio. Alisimama mbele ya baba yake, mikono nyuma, akihema. Mezani bombe tano zilikuwa wazi, na majina ya rangi yameandikwa ubavuni mwa kila moja kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la kwanza angezisoma.

"Papa?"

Matthias alifungua mdomo. Alilisikia neno la Lise kana kwamba liko nyuma ya sikio lake, usiku wa pili wa homa, alipomshika shati: *Usimubebeshe mutoto ile muzigo. Akiyua, atakuwa jicho yako, atawacha masomo. Uniapie.* Naye alikuwa ameapa.

"Uniletee mayi ya kunywa," akasema.

Glodie alileta maji. Matthias alikunywa, akarudisha kikombe. Mtoto alikaa mlangoni muda mrefu kuliko mtu aliyekuja kuleta maji.

"Kuko tena kitu, papa?"

"Hapana. Enda kwa kambo yako, pale ku mukeka."

"Kweli, papa?"

"Enda, mama."

Mlango ukafungwa. Matthias alisali kwa sauti ndogo, akachukua ile bombe nyepesi kupita zote, akapuliza. Kwa kawaida tabaka moja la rangi lilitosha. Kwa Lise alipiga matatu, akingoja kila moja likauke, mpaka herufi zikainuka kidogo juu ya mbao na ukipitisha kidole unazisoma. Alipitisha kidole. Alisoma jina lote kutoka mwanzo mpaka mwisho na hakukosa herufi hata moja. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu mazishi, kwa kuwa kazi ilikuwa nzuri na mtu wa kumwambia "ni nzuri" hakuwepo.

Kisha akauzungushia msalaba kitambaa chekundu cha Kipendano cha mke wake, akaufunga, akasema mtu asiuguse mpaka makaburini.

* * *

Siku ya arobaini jua lilitoka mapema. Walikwenda kwa miguu, akina mama wa Kipendano mbele wakiimba, nyuma watu wa mtaa, Yav akisukuma toroli lenye mawe yake meupe. Glodie alimshika baba yake mkono. Watu waliona vema: mtoto amechukua nafasi ya mama.

Stanislas na vijana waliusimamisha msalaba, wakashindilia udongo. Pasta Kayembe alisali, kisha akarudi nyuma.

"Mama muzazi afungue," akasema.

Mama Kyabu alijivuta mpaka pale, akafungua fundo, akavuta kitambaa cha mwanawe.

Msalaba ulikuwa mweupe. Mweupe tu, kuanzia juu mpaka chini, hauna alama.

Nyimbo zilikatika. Watu walitazama mbele, wakatazama, wengine wakainama kuangalia kama maandishi yako nyuma. Mama mmoja aliuliza jirani yake kwa sauti ya chini, na jirani akapandisha mabega. Pasta Kayembe, ambaye kazi yake sasa ilikuwa kusoma jina, alifungua mdomo na hakuwa na la kusoma.

Matthias aliusikia ule ukimya akadhani anaujua. Alidhani ni uchungu uliowashika kwa kuliona jina. Aliuachia mkono wa Glodie, akapiga hatua mbili, akaugusa msalaba, na kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi akaanza kuwaonyesha kwa kidole.

"Bandugu, njo hivi niliandika. Hapa, LISE." Kidole chake kilipita taratibu juu ya weupe. "Hapa, KABEDI, jina baba yake alimupa. Na hapa chini, LALA SALAMA. Nilitia rangi mara tatu, mvua isikuye kuifuta. Nyeusi ya muzuri."

Kijana mmoja nyuma alicheka puani, akapigwa kofi na mama yake. Stanislas alisogea karibu, akapitisha kidole chake pale kilipopita kidole cha Matthias, akazihisi herufi. Akauondoa mkono haraka kama aliyeungua.

"Mungu wangu," akasema. "Iko."

"Iko nini?" Phébé akauliza.

"Jina. Iko hapa. Aliandika na nyeupe."

Glodie alikuwa ameshamfikia baba yake. Alimvuta shati. "Papa," akasema kwa sauti ndogo, lakini pale palikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Papa, ni nyeupe."

Matthias alibaki na kidole chake juu ya herufi ya mwisho. Hakukiondoa. Uso wake ulibadilika polepole, na wote waliokuwa mbele yake walilazimika kutazama mawe ya Yav, au viatu vyao, au kitu chochote kingine.

* * *

Uwanjani chakula kiliiva na hakuna aliyekuwa na hamu. Mama Kyabu alikataa sahani. Aliagiza Matthias aletwe mbele ya mkeka wake, na kigoda kiwekwe, si ubavu bali mbele kabisa. Wazee walitazamana, maana hilo halifanyiki.

Matthias alikaa, macho chini kama siku zote.

"Mukwe," akasema Mama Kyabu. "Leo minyi nakufungulia. Nyanyua uso. Uniangalie."

"Mama, haifai."

"Uniangalie."

Akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne. Macho yake yalimpita mama mkwe, yakasimama juu ya bega lake la kushoto, mahali ambapo palikuwa na ukuta. Mama Kyabu alihamia kushoto kidogo. Macho hayakumfuata. Alihamia kulia. Alinyanyua mkono wake mkavu mbele ya uso ule, akaupunga mara moja, akaurudisha pajani.

"Vidye wami, Mungu wangu," akasema. "Kumbe haikuwa heshima."

Matthias alirudisha macho chini. "Ilikuwa heshima pia, mama."

Bibi kizee alilia basi, bila sauti, machozi yakipita kwenye mikunjo ya mashavu. Phébé alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni. Alikuwa amekumbuka makopo, nyuzi na vipete, na kila kitu kimoja kimoja kilikuwa kinamrudia.

"Ni minyi," akasema. "Mama, ni minyi. Niliosha kila kitu. Shemeki, juu ya nini hukusema? Neno moja tu! Nilikuwa nakuambia utaona kila kitu, na weye unanijibu aksanti!"

"Ulifanya na roho muzuri, shemeki. Haukuyua."

"Na minyi ile rangi nilipulizia mawe," Yav akaanza, na mke wake akamwambia anyamaze.

Mama Kyabu alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Alipoongea tena sauti ilikuwa ile ile yake.

"Matthias, mwanangu alikupenda, na minyi nilikupenda. Sitasema mubaya juu yako ata Kabondo-Dianda, ata pengine. Lakini mutoto mwanamuke hawezi kubaki mu nyumba na baba haone. Njo yeye atakuwa bibi ya nyumba, njo yeye atakuwa fimbo yako. Shule itakufa. Glodie anaenda Luena na mama yake mukubwa. Kesho kesho kutwa treni ikikuya."

Matthias angeweza kubishana. Alikuwa na maneno. Lakini hayo aliyoyasema mama mkwe ndiyo yale yale aliyoapishwa na Lise usiku ule wa homa, na mtu atabishanaje na marehemu siku ya arobaini yake?

"Eyo, mama," akasema.

* * *

Treni ilichelewa siku tatu, kama kawaida yake. Asubuhi ya kuondoka, mizigo ikiwa tayari imefungwa uwanjani, Matthias alikuwa amekaa ateliye juu ya benchi lake, mikono magotini. Alisikia mlango.

"Ni minyi, papa."

"Nayua. Unaondoka?"

"Mama mukubwa anasema bado kidogo."

Glodie alisogea mpaka kwenye rafu. Siku tatu hizo Phébé alikuwa ametafuta makopo mengine ya tomato na ya maziwa, akarudisha rangi alivyoweza huku akilia, lakini bombe hakuzigusa. Matthias alisikia kitu kikivutika na kuchomoka, tap, kisha tena, tap. Alisikia mpira ukinyooshwa na kubana kwenye bati.

"Unafanya nini pale?"

"Ninarudisha." Tap. "Mama mukubwa alifungaka nazo nywele yangu. Hii moja, ni nyeusi. Papa, lete mukono. Moja. Hizi tatu, nyekundu. Ine ni buluu. Tano, ya dhahabu."

Matthias aligusa, akahesabu. Vyote vilikuwa mahali pake, kwa mpangilio ule ule wa Lise, hata lile la kuvibana chini, karibu na kitako. Mkono wake ukasimama.

"Nani alikufundisha ile?"

Mtoto alikuwa akifungua msuko mwingine, nywele zikimwangukia shingoni.

"Nilikuwa naona tu. Tangu mwaka ile ingine. Siku moja ulivaa kiatu ya mama ya muguu ya kushoto, mukaenda nayo mupaka ku kanisa."

"Ulikuwa unayua."

"Eyo."

"Na siku ya musalaba? Nilikuita. Ulikuwa hapa, Glodie. Ulikuwa unasimama hapa."

"Nilikuwa nangoya uniulize." Aliuachia msuko. "Mama alinikataza. Kabla ya kufa. Alisema, usimuambie papa kama unayua, utamupatisha haya. Ngoya akuulize yeye mwenyewe. Alisema siku moja utaniuliza. Na weye ukaomba mayi."

Matthias alimtafuta kwa mikono miwili, akampata, akamvuta kifuani. "Na minyi alinikataza," akasema. "Alisema nisikuulize. Alinikataza na minyi, mama."

Walikaa hivyo. Nje Phébé aliita jina la mtoto mara moja, halafu akanyamaza, labda alichungulia. Yav alikuwa akiwaamkia majirani na kuwaaga.

Glodie ndiye aliyejitoa kwanza, akajifuta pua. Matthias alirudi kwenye rafu kwa vidole. Kimoja. Vitatu. Vinne. Vitano. Kati ya ya kwanza na ya tatu, mkono wake ukashika bombe nyepesi isiyo na kitu shingoni wala kitakoni.

"Hii haina mupira."

"Ile ilishaisha, papa. Nilijaribu, haitoe tena kitu. Njo ile ya mama."

"Na mipira yake? Ilikuwa na mbili."

Glodie aliuchukua mkono wa baba yake akauweka kichwani pake. Nywele zote zilikuwa zimefumuka, zimesimama ovyo. Palibaki misuko miwili tu, nyuma ya masikio, na kila mmoja ulikuwa umebanwa kwa kipete cha mpira, kimeviringishwa mara tatu.

"Ya nyeupe ninaenda nayo," akasema.